Jinsi ya Kutembelea Comuna 13 ya Medellín na Kuzisoma Kuta Zake

Comuna 13, inayojulikana pia kwa jina la San Javier, ni mojawapo ya wilaya 16 za mjini Medellín, jiji la pili kwa ukubwa nchini Kolombia. Imetandaa kwenye miteremko mikali ya magharibi mwa jiji, nyumba zake za matofali mekundu zikiwa zimepandana kiasi kwamba paa la jirani wa chini hukaribia kuwa usawa wa kizingiti cha jirani wa juu. Wageni wengi huijia kwa ajili ya kuta zake, ambazo zimejaa nyuso za wanawake zinazofikia kimo cha nyumba nzima, ndege, wanyama, macho makubwa na majina yaliyoandikwa kwa herufi za grafiti. Rangi hizo hazikutokana na mpango wa kupendezesha jiji. Zilianzwa na vijana wa hip-hop waliokulia hapo hapo, ambao walikuwa na jambo la kusema kuhusu vita vilivyopita milangoni mwao, na ndiyo maana mwongozo huu unapanga ziara kwa utaratibu usio wa mkato: kwanza kujua, halafu kupanda, na kupiga picha baadaye. Anayeugeuza utaratibu huo huondoka na picha nzuri za mambo asiyoyaelewa.

Hatua ya kwanza: Jua kilichotokea mwaka 2002

Sehemu kubwa ya mitaa ya juu ya Comuna 13 ilijengwa kuanzia miaka ya 1970 na 1980 na watu waliokuja mjini bila ardhi, wengi wao wakiwa wamekimbia vita vya mashambani. Walijenga bila hati na bila barabara, na serikali ilikuwa mbali nao kwa muda mrefu. Pengo hilo lilijazwa na makundi yenye silaha. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 mitaa hiyo ilikuwa mikononi mwa waasi wa mrengo wa kushoto, yaani wapiganaji wa msituni wa FARC na wa ELN na wa kundi la mjini lililojiita CAP, huku wanamgambo wa mrengo wa kulia wakitaka kuwang'oa. Mahali penyewe palikuwa na thamani ya kivita, kwa kuwa upande huo wa jiji ndiko inakopita njia ya kuelekea magharibi mwa mkoa wa Antioquia hadi Ghuba ya Urabá.

Katika mwaka 2002 vyombo vya dola viliendesha operesheni kadhaa ndani ya wilaya hiyo. Mbili unapaswa kuzijua kwa majina kabla ya kufika. Ya kwanza ni Operesheni Mariscal ya tarehe 21 Mei, ambayo iliua raia, watoto wakiwemo, na ambayo ilisitishwa baada ya wakazi kutoka nje wakipeperusha vitambaa, mashuka na fulana nyeupe ili risasi zikome. Ya pili ni Operesheni Orión, iliyoanza tarehe 16 Oktoba, miezi miwili na siku chache baada ya Álvaro Uribe kuapishwa kuwa rais, na ambayo iliingiza askari na polisi zaidi ya 1,000 pamoja na helikopta katikati ya nyumba za watu. Wapiganaji wa msituni waliondolewa, lakini nafasi yao ilishikwa na wanamgambo wa kundi lililoitwa Cacique Nutibara, na katika miezi iliyofuata watu wengi walikamatwa na hawakuonekana tena. Familia zao zilisema kwa zaidi ya miaka 20 kwamba baadhi yao walizikwa kwenye jalala la vifusi lililo juu ya wilaya, liitwalo La Escombrera. Mnamo Desemba 2024 mabaki ya kwanza ya miili yalipatikana hapo, katika uchimbaji uliosimamiwa na Mahakama Maalumu ya Amani ya Kolombia.

Ukiwa na nusu siku ya ziada, njia bora ya kujiandaa ni kwenda Museo Casa de la Memoria, jumba la makumbusho ya vita lililo karibu na katikati ya jiji. Kiingilio ni bure. Unafika kwa tramu inayoanzia kituo cha San Antonio, ukishukia Bicentenario. Maonyesho yake yamejengwa juu ya sauti na picha za walioumizwa, na mgeni asiyejua Kihispania bado ataelewa mengi kwa macho. Nashauri iwe siku iliyotangulia, kwa sababu kuyachanganya makumbusho hayo na mtaa wenyewe katika asubuhi moja kunachosha na hakuachi muda wa kutafakari lolote.

Hatua ya pili: Tayarisha nyaraka na uchague siku

Masharti ya viza ya Kolombia hutegemea pasipoti na hubadilika, kwa hiyo msafiri wa Afrika Mashariki aulize ubalozi wa Kolombia ulioko Nairobi kabla ya kukata tiketi ya ndege. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mfukoni hata kama hukuambiwa uibebe, maana abiria anayetoka katika ukanda wetu anaweza kuombwa wakati wowote. Ndege za kimataifa hutua uwanja wa José María Córdova ulioko Rionegro, nje ya jiji, na kutoka huko hadi Medellín ni mwendo wa gari unaoweza kufikia saa nzima kutegemea foleni.

Medellín iko kwenye bonde, takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hali yake ya hewa haitamshangaza mtu wa Arusha au Nairobi. Jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Mvua huwa nyingi Aprili na Mei, kisha Oktoba na Novemba, na kwa kawaida hunyesha mchana baada ya asubuhi yenye jua. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya msongamano, panga kufika San Javier saa tatu asubuhi. Chagua siku ya kazi. Jumamosi, Jumapili na sikukuu njia huwa zimefurika watu, spika za maduka hushindana kwa kelele, na maelezo ya mwongozaji hayasikiki hata ukisimama ubavuni mwake.

Hatua ya tatu: Mtafute mwongozaji wa mtaani, na umpime

Inawezekana kupanda peke yako, kwa kuwa njia kuu ya watalii iko wazi na hakuna kiingilio. Hata hivyo ziara bila mwenyeji hapa ni hasara, kwa sababu michoro mingi haina maandishi ya kuieleza, na mingine hubadilishwa kila baada ya muda, hivyo kwamba hata kitabu cha kuongoza watalii cha miaka miwili iliyopita hakikusaidii. Ziara za kuzisoma kuta, ambazo hapo huitwa Graffitour, zilianzishwa na wasanii wa hip-hop wenyewe. Miongoni mwa vituo vinavyojulikana ni Casa Kolacho, nyumba ya utamaduni iliyopewa jina la rapa wa mtaa huo aliyeuawa mwaka 2009, ambayo hufundisha vijana rap, kuchanganya muziki, kudansi na kuchora. Ada unayolipa mahali kama hapo inabaki katika wilaya.

Kuna aina tatu za waongozaji utakaokutana nao. Wapo waliozaliwa huko na kufunzwa na vikundi vya sanaa. Wapo waliozaliwa huko ambao wameingia kazini kwa sababu utalii ndio ajira iliyopo. Na wapo wa makampuni ya mjini wanaokuja na makundi ya watu 30 kwa basi. Aina mbili za kwanza zinafaa. Ya tatu haifai, isipokuwa kama kampuni inaajiri mwenyeji na inasema hivyo waziwazi. Kuhusu ziara zinazotangazwa kuwa ni za bure, elewa kwamba mwongozaji hana mshahara mwingine na kwamba mwishoni unatarajiwa kutoa bakshishi ya maana. Kuondoka kimyakimya ni sawa na kula hotelini na kutokea mlango wa nyuma.

Kipimo cha haraka cha mwongozaji ni Pablo Escobar. Mfanyabiashara huyo wa dawa za kulevya aliuawa Medellín tarehe 2 Desemba 1993, karibu miaka tisa kabla ya Operesheni Orión. Ni kweli kwamba biashara yake iliacha bunduki na magenge katika jiji zima, lakini vita vinavyosimuliwa na kuta za Comuna 13 vina wahusika wengine na sababu nyingine. Mwongozaji anayekueleza mtaa mzima kwa jina la Escobar anakuuzia kile anachodhani umekifuata. Ukiulizwa unataka kusikia nini, sema unataka kusikia habari za Mariscal, Orión na hip-hop, nawe utaona jinsi mazungumzo yanavyobadilika.

Hatua ya nne: Fika kwa treni

Treni ya Medellín ilianza kazi mwaka 1995 na wakazi wanaionea fahari, jambo linaloonekana katika usafi wake. Usile ndani yake, usikae sakafuni, na usipige kelele. Nunua kadi ya Cívica, au tiketi ya safari moja ukipenda. Nauli ya safari moja ni kama dola moja ya Marekani. Ukilala El Poblado, ambako hoteli nyingi za wageni zipo, panda njia A kuelekea kaskazini, badilisha San Antonio, kisha panda njia B hadi kituo chake cha mwisho, San Javier. Ukilala upande wa Laureles, kituo cha Estadio kiko kwenye njia B moja kwa moja, na hiyo ni sababu nzuri ya kulala Laureles.

Hapo San Javier pana jambo linalowakanganya wengi. Kituo hicho ndicho pia mwanzo wa njia J ya Metrocable, yaani vibanda vinavyoning'inia kwenye nyaya, iliyofunguliwa mwaka 2008 na inayopanda hadi La Aurora. Vibanda hivyo havikupeleki kwenye michoro maarufu, kwa kuwa vinaelekea kaskazini-magharibi, ilhali ngazi za umeme na kuta zinazojulikana ziko kusini-magharibi mwa kituo. Hata hivyo nenda La Aurora na urudi kabla ya kuanza ziara. Ukiwa hewani juu ya mapaa utaona ukubwa halisi wa wilaya, ambayo ina wakazi zaidi ya 130,000, na utaelewa kwamba eneo la watalii ni ukanda mwembamba tu ndani yake. Kumbukumbu hiyo itakusaidia baadaye, utakapojikuta katikati ya maduka ya fulana na kudhani kwamba umeiona Comuna 13 yote.

Kutoka kituoni hadi chini ya ngazi unaweza kupanda basi dogo linaloungana na treni, ukimwambia dereva unakwenda Escaleras Eléctricas, yaani ngazi za umeme, au teksi, au ukatembea kwa takriban nusu saa ukipandisha kilima. Waongozaji wengi hukutana na wageni wao pale pale kituoni. Karibu na kituo iko maktaba ya umma ya San Javier, mojawapo ya maktaba zilizojengwa na jiji katika vitongoji maskini katika muongo wa 2000. Inafaa kama mahali pa kusubiri, kutumia maliwato na kukaa kivulini.

Badilisha noti kubwa kabla hujapanda. Chenji ya pesos 2,000, 5,000 na 10,000 ndiyo itakayokuhudumia mtaani.

Hatua ya tano: Panda polepole, ukianzia chini

Ngazi za umeme zilizinduliwa Desemba 2011 katika eneo la Las Independencias. Zimegawanywa katika vipande sita vyenye jumla ya urefu wa mita 384, na zinapanda kimo kinacholinganishwa na jengo la ghorofa 28. Kabla yake mkazi wa juu alipanda mamia ya vidato vya saruji akiwa na mtungi wa gesi begani au mgonjwa mgongoni, kazi iliyochukua zaidi ya nusu saa. Sasa ni suala la dakika chache. Zina paa la rangi ya machungwa na hazitozwi. Ni chombo cha usafiri cha watu wa hapo kabla ya kuwa kivutio, kwa hiyo mzee mwenye kikapu na mtoto wa shule wapishwe kwanza, na usisimame katikati ya mdomo wa ngazi ukirekodi video.

Usipande moja kwa moja hadi juu. Michoro mizuri iko kwenye vichochoro na majukwaa yaliyo kati ya kipande kimoja na kingine, na mwenye haraka huipita yote akiwa amesimama. Katika kila jukwaa toka, zunguka kushoto na kulia, kisha urudi.

Jinsi ya kuzitazama kuta ni jambo linalostahili maelezo. Kwanza tafuta vitambaa vyeupe. Utaviona mkononi mwa mtu aliyechorwa, au vikipepea pembeni mwa picha, na sasa unajua vimetoka tarehe 21 Mei 2002. Pili, tazama nyuso. Nyingi ni za wanawake, kwa sababu ni akina mama na wake waliobaki wakitafuta waliopotezwa, na nyingi ni nyeusi, kwa sababu familia nyingi za Comuna 13 zina asili ya mkoa wa Chocó na pwani ya Pasifiki, wanakoishi Wakolombia wenye asili ya Afrika. Msomaji mweusi kutoka kwetu asishangae akisemeshwa Kihispania kwa kasi na kuulizwa anatoka kijiji gani cha Chocó. Tatu, tafuta wanyama: tembo, ambaye waongozaji humweleza kama alama ya kutosahau, na ndege wa rangi nyingi ambao huashiria waliohama na waliorejea. Nne, tazama jinsi nyumba zilivyochorwa ndani ya picha. Visanduku vidogo vya matofali vilivyorundikwa ndani ya nywele, mikono au tumbo la mtu ni mtaa wenyewe, na mara nyingi mchoraji ameweka humo nyumba ya mama yake.

Miongoni mwa wachoraji ambao majina yao utayasikia ni Chota 13, mzaliwa wa hapo, ambaye kazi zake zimekuwa kama uso wa mtaa. Usiishie kwake. Muulize mwongozaji akuonyeshe kuta zilizochorwa na wanafunzi, ambazo huenda mkono wake haujakomaa lakini habari zake ni za jana. Muulize pia ukuta upi umefutwa na kupakwa upya, na kwa nini. Ukuta wa mtaani una mmiliki, ambaye ni mwenye nyumba, na mchoraji huanza kwa kubisha hodi. Kwa hiyo kila mchoro ni makubaliano kati ya watu wawili, na yakibadilika, mchoro nao hubadilika. Binafsi naona hilo ndilo jambo la kuvutia kuliko yote katika Comuna 13: hakuna anayezilinda kuta hizi kama vitu vya makumbusho, na ndiyo maana bado zinasema mapya.

Njiani utakutana na vijana wakidansi mtindo wa breakdance na wengine wakikutungia mashairi ya rap papo hapo kuhusu nguo zako na nchi yako. Ukisimama kutazama hadi mwisho, weka kitu kwenye kofia inapopitishwa. Usipotaka, endelea kutembea tangu mwanzo, na hakuna atakayekulaumu. Utauziwa pia embe bichi lililokatwa, likanyunyiziwa chumvi na ndimu, na vilevile barafu ya kijiti iliyotengenezwa kwa embe hilo hilo. Mtu wa Tanga au Mombasa hatahitaji kuelezwa jinsi ya kulila, ingawa atatafuta pilipili.

Hatua ya sita: Shika adabu ya mwenye kuingia uani kwa watu

Vichochoro vya Comuna 13 ni vyembamba, na milango mingi huwa wazi. Kichwa chako kinapita karibu na dirisha la chumba cha kulala cha mtu. Salimia. Neno "buenas" linatosha kwa saa yoyote ya siku, na anayepita bila kulitamka huonekana vibaya, kama ambavyo angeonekana kwetu. Ukitaka kumpiga mtu picha uliza "¿puedo tomar una foto?" na ungoje jibu, na watoto usiwapige picha kabisa bila idhini ya mzazi aliye hapo. Picha ya ukuta haihitaji ruhusa, ila nguo zilizoanikwa mbele yake, au bibi aliyeketi chini yake, vinahitaji. Droni iache hotelini, maana hapa inachungulia nyua za watu.

Suala la ununuzi lina utata wake. Utaona fulana, vikombe na sumaku zenye uso wa Escobar, na muuzaji ni mkazi maskini kama mwingine yeyote. Hata hivyo mji huu bado una watu wengi waliowazika ndugu zao kwa sababu ya mtu huyo, na pesa zako zinaweza kumfikia jirani yule yule kwa kununua kitu kingine: kofia iliyochorwa kwa mkono, chapisho la mchoro kutoka kwa mchoraji mwenyewe, kahawa, chakula cha mchana. Picha za maonyesho zilizomo katika vyumba vidogo vya sanaa kando ya ngazi huuzwa na waliozichora, na hapo ndipo ningependa noti zako kubwa ziende.

Hatua ya saba: Juu kabisa, tazama mlima wa mkabala

Kipande cha mwisho cha ngazi kinakufikisha kwenye njia pana ya saruji inayozunguka ubavu wa kilima, iitwayo viaducto. Hapa ndipo penye mandhari ya bonde zima la Aburrá, mikahawa yenye vibaraza, na umati mkubwa zaidi. Wengi huishia kupiga picha za jiji na kugeuka.

Kabla hujageuka, mwombe mwongozaji akuonyeshe La Escombrera. Ni jeraha la udongo mtupu kwenye mlima wa kijani, na linaonekana kwa macho ukiwa umesimama salama njiani. Hakuna sababu ya kwenda huko kwa miguu. Ni eneo la uchunguzi na la maombolezo. Lakini ukilitazama ukiwa na michoro yote nyuma yako, utaelewa kwa nini wanawake wa kikundi cha Mujeres Caminando por la Verdad, waliodai lichimbwe, wanatajwa na kuchorwa mara nyingi, na kwa nini ugunduzi wa Desemba 2024 ulizua michoro mipya mjini. Mapema mwaka 2025 mmoja wa michoro hiyo, uliowaunga mkono akina mama hao, ulifutwa kwa agizo la utawala wa jiji na kisha ukachorwa tena, na mabishano yake yalifika nchi nzima. Kwa hiyo rangi ya ukutani huko bado ni jambo la kisiasa, na mgeni atakayesikia maoni yanayopingana kuhusu Orión kutoka kwa wakazi wawili wa kichochoro kimoja asidhani kwamba mmoja wao anamdanganya. Wapo walioishukuru serikali kwa kuwaondoa wapiganaji, na wapo waliopoteza mtoto wiki iliyofuata. Sikiliza, na usiwaamulie.

Hatua ya nane: Shuka mapema, kwa njia uliyopandia

Tenga saa tatu hadi nne kwa ziara nzima, na uwe umerudi kituoni kabla ya giza. Ukanda wa watalii una watu na polisi mchana, na wizi wa kutumia nguvu humo si jambo la kawaida. Lakini magenge yangali yapo katika sehemu nyingine za wilaya, na mipaka yao haina alama ambayo mgeni anaweza kuisoma. Usiingie kichochoro ambacho mwongozaji hakukupeleka, wala usifuate ramani ya simu inayokuonyesha njia ya mkato. Usipokee kinywaji wala sigara kutoka kwa usiyemjua, maana katika miji ya Kolombia wapo wezi wanaotumia dawa ya kulevya iitwayo skopolamini kumfanya mtu atoe mali yake bila kujitambua. Simu isishikwe mkononi muda wote. Namba ya dharura ni 123.

Kwa mtu mwenye shida ya magoti au anayetumia kiti cha magurudumu, ukweli ni kwamba ngazi za umeme hazitoshi, kwa sababu kati ya vipande kuna vidato na miinuko. Teksi inaweza kumfikisha karibu na sehemu ya chini yenye michoro mizuri, na ziara fupi ya hapo ina thamani yake.

Ukiwa na nguvu bado, mwombe mwongozaji akupitishe kwenye makaburi ya San Javier kabla ya kurudi kituoni. Kikundi cha Agroarte, kilichoanzishwa na wasanii wa rap wa wilaya hiyo, kimekuwa kikipanda mimea na kuchora huko kwa ajili ya waliouawa na waliopotezwa, na mahali hapo hapana maduka wala spika. Watalii wachache hufika. Valia heshima, zima muziki, na usiguse mimea, kwa kuwa kila mmoja umepandwa kwa ajili ya mtu.

Baada ya ziara: Picha zako

Sheria ya hakimiliki ya Kolombia ya mwaka 1982 inaruhusu kupiga na kusambaza picha za kazi zilizowekwa kwa kudumu njiani na katika viwanja vya umma. Hata hivyo mchoro una mwenyewe, na karibu kila ukuta una sahihi pembeni, kwa kawaida chini upande wa kulia au juu karibu na paa. Ipige picha ile sahihi pia, mara tu baada ya kuupiga mchoro, ili picha hizo mbili zifuatane katika simu na usije ukazichanganya. Utakapoziweka mtandaoni andika jina la mchoraji na jina la mtaa, yaani Las Independencias au 20 de Julio, badala ya kuandika Medellín peke yake. Wachoraji wengi wa huko hupata kazi zao zinazofuata kupitia mitandao, na mara nyingi hujibu, kwa hiyo ukimwandikia na kumuuliza mchoro wake unasema nini unaweza kupata maelezo ambayo mwongozaji hakuwa na muda wa kukupa.